Mlenda wa Lusangi

Ndoo ilipofika juu haikuwa na maji. Ilikuwa imejaa kitu kizito, kinachopitisha mwanga kama ute wa yai, kikitikisika bila kumwagika. Mzee Ndahani, mwenyekiti wa kijiji cha Lusangi Chini, aliiegemeza ndoo kwenye ukingo wa kisima, akaipindua. Kile kitu kiliteleza taratibu, kikadondoka, kikabaki pale juu ya vumbi kikiwa na umbo la ndoo.

"Ndicho tulichokuitia, daktari," alisema.

Dokta Nyemo Chilongani alipiga magoti, akakigusa. Kilikuwa baridi. Alikijua kama mtu anavyomjua mwanawe gizani, kwa maana yeye ndiye aliyekitengeneza. Maabarani kilikuwa na jina refu lenye herufi na namba, lakini watu wa bonde zima walikiita mlenda kwa jinsi kilivyovutika kati ya vidole, na mwishowe yeye pia alikuwa ameliacha lile jina refu. Ila mlenda wake mahali pake palikuwa Lusangi Juu, kule kwenye miteremko ya mashamba, tena usipite kina cha mkono kwenye udongo. Haukuwa na kazi yoyote chini ya kisima kirefu kama hiki.

"Ulianza lini?"

"Baada ya Pasaka maji yalianza kuwa mazito. Tukasema ni tope. Tukachimba zaidi. Kila tulipochimba ukatufuata."

Watu walikuwa wamekusanyika na madumu matupu. Mjane mmoja aitwaye Sechelela alijitokeza na kanga iliyokunjwa mara mbili, akachota fumba la ule mlenda, akaufunga, akaukamua kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kitu ila jasho kwenye viganja vyake.

"Unaona?" alisema. "Nguo nikiikamua inatoa maji. Hata kinyesi cha ng'ombe kinatoa maji. Huu una nini?"

"Haya maji hayakukaa kwenye vitundu kama ya sponji, mama," Nyemo alijibu. "Zile nyuzi zake zimeyakumbatia. Kadiri unavyobana ndivyo zinavyokaza."

"Sasa sisi tunywe nini?"

Kabla hajajibu, mtu mmoja alicheka nyuma ya umati. Alikuwa Chiwanga, mdogo wake Mzee Ndahani, mfugaji mrefu aliyebakiwa na ng'ombe wawili waliokonda mpaka mbavu zinahesabika. "Wenzangu mnahangaika bure. Mimi naula. Nakata tonge, nameza. Kiu inakatika, walau kwa muda."

Nyemo alimgeukia. "Umeula mara ngapi?"

"Kila nikishikwa na kiu."

"Usiule tena. Kaka yangu, nakusihi. Na yeyote aliyeula, aache leo hii."

"Sawa," Chiwanga alisema, uso ukiwa hauna tena kicheko. "Nimekubali. Nipe basi cha kunywa."

Nyemo alikuwa na chupa moja ya maji kwenye gari. Alimpa. Chiwanga akaitazama, akawatazama watu walioishika ile chupa kwa macho, akampa Sechelela. Sechelela akawapa watoto. Ikaisha kabla haijafika kwa mtoto wa mwisho.

*

Kituo cha utafiti kilijengwa katikati ya mteremko, baina ya vijiji viwili, na kutoka dirishani kwake vilionekana vyote viwili: juu, kijani cha mtama katika mwezi wa Septemba, mwezi ambao tangu enzi haukuwahi kuwa na kijani Ugogo; chini, rangi moja tu, ya vumbi.

Kassian Mbunda, mwenzake kituoni, ndiye aliyewalea bakteria wanaoufuma mlenda. Yeye na Nyemo waligawana kazi tangu mwanzo. Kassian aliwafundisha vijidudu wale wanywe utomvu unaovuja kwenye mizizi ya mtama, kisha wateme nyuzi. Nyemo akatafuta namna ya kuzifunga zile nyuzi zishikane kama wavu. Kila uzi ulibeba chaji ya umeme, na chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo wavu ulipopata maji ulifunguka, ukayavuta, ukafunguka zaidi. Mvua moja ndogo ya Januari ilibaki kwenye udongo hadi mwisho wa mwaka. Mizizi ikajinywea polepole. Mtama ukakomaa, ukavunwa, ukapandwa tena. Watu waliokuwa wameanza kuihama Lusangi Juu walirudi na vitanda vyao vichwani.

Sasa Nyemo alikausha kipande cha mlenda wa kisimani kikawa gamba jepesi kama ganda la kitunguu. Akalipima, akalitia kwenye kijifuko cha kitambaa mfano wa kifuko cha majani ya chai, akakitumbukiza kwenye bilauri la maji safi. Kila baada ya muda alikitoa, akakitundika kichuruzike, akakiweka kwenye mizani, akakirudisha majini. Mlenda walioutengeneza wao ulikuwa ukinywa hadi gramu moja ya gamba ikabeba gramu mia tatu za maji, kisha ukatosheka. Uzito ulisimama, na mchoro kwenye kioo cha kompyuta ukalala kama barabara ya tambarare.

Huu haukulala. Nyemo alipima, akapima tena, na mstari uliendelea kupanda. Kassian alikwenda kula, akarudi akakuta kijifuko kimepasuka mshono na bilauri halina tone la maji. Kilichokuwemo ni mlenda mtupu, umejaa mpaka mdomoni.

"Haushibi," Kassian alisema.

"Wavu umelegea. Mafundo yamepungua, nyuzi zimerefuka. Bakteria wako wamejibadilisha."

"Huko chini wanakula nini? Mizizi ya mtama haifiki hata robo ya kina kile."

Nyemo aliangalia nje. Kando ya korongo lililotelemka kutoka mashamba ya juu hadi visimani palikuwa na safu ya migunga, miti ya miaka mingi, miiba mingi kwa juu, ambayo haikufa hata mwaka wa njaa kuu. Watu wote walijua kwa nini mgunga haufi: mizizi yake hushuka chini mpaka ikutane na maji, hata kama ni safari ya kizazi kizima.

Kassian alifuata macho yake. Alikaa kwenye kiti. "Tulipima mizizi ya mtama," alisema. "Na ya mahindi. Na ya mbaazi."

Ya migunga hawakuwa wameipima, nayo ndiyo iliyowashusha bakteria hadi kwenye maji ya visima.

Siku zilizofuata walijaribu kuuvunja. Kassian alikuwa na virusi vya kuwaua bakteria, alivitunza kwenye friji tangu zamani kwa tahadhari. Viliwaua vizuri kabisa. Lakini mlenda uliokwisha kufumwa ulibaki vile vile, na maji yake ndani. Walijaribu jasi, maana madini yake hubana chaji za nyuzi na jasi haidhuru ardhi. Bonge la mlenda lilifanya ngozi ngumu kwa nje kama ngozi ya ngoma, na maji yakafungwa humo ndani kwa uhakika zaidi kuliko mwanzo. Walijaribu moto na majivu.

Mwisho Kassian alikwenda jikoni akarudi na kopo la chumvi ya kawaida. Alinyunyiza konzi moja kwenye beseni lenye bonge kubwa. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha bonge likaanza kutoa jasho. Likasinyaa, likajikunja, maji yakalizunguka pande zote, yakapanda, na mwishowe kilichobaki kikielea ndani ya beseni lililojaa maji kilikuwa kipande kidogo kama ulimi wa mbuzi.

Walitazama bila kufurahi.

"Bonde zima," Nyemo alisema. "Toka kwenye mashamba, tufuate safu ya migunga hadi visimani."

"Malori na malori ya chumvi."

"Na mtama?"

Kassian alifunika kopo. "Nyemo, hata nyasi hazitaota. Wewe na mimi tutakuwa tumekufa na hazitakuwa zimeota."

*

Mama yake Nyemo, Mbeleje, aliishi Lusangi Juu katika nyumba ile ile aliyoolewa. Shamba lake lilikuwa la kwanza kichwani mwa korongo, na ndilo lililokuwa la majaribio tangu mlenda ulipotoka maabara kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekubali kutoa ardhi yake kwa kitu chenye kuteleza.

"Mbukwa, mama," Nyemo aliamkia kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Kaa, ugali uko tayari."

Walikula nje. Mashuke ya mtama yalikuwa yamejaa maziwa, bado kidogo yakaze. Upepo ulipopita yaligongana kwa sauti laini. Nyemo alikula matonge mawili, akanawa, akaeleza yote. Hakuficha kitu. Mama alisikiliza huku akiokota punje zilizodondoka kwenye mkeka, moja moja, akizirudisha kwenye ungo.

"Kwa hiyo unataka kutia chumvi hapa," alisema.

"Sitaki, mama. Natafuta njia nyingine, sijaiona."

"Wale wa chini wahamie huku. Tutabanana. Mimi peke yangu nina vyumba viwili vitupu."

"Na maji ya kunywa? Nyinyi wenyewe mnakinga ya mabati, na tangi la shule lisingefika Desemba hata kabla watu wa chini hawajaanza kulichota kikombe kikombe."

Mama alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa uwanja, penye makaburi mawili ya mawe. Moja lilikuwa la Mnyakongo na jingine la Ndalu, ndugu zake Nyemo waliomfuata. Walikufa mwaka wa njaa kuu, naye Nyemo alikuwa msichana wa shule ya bweni, akarudi likizo akakuta mawe tu. Kila kitu alichosoma baada ya hapo alikisoma kwa sababu ya mawe yale.

"Wale sikuwalilia vya kutosha," mama alisema. "Sikuwa na nguvu mwilini ya kutoa machozi. Ukaja wewe na mlenda wako, nikasema Mungu amenilipa. Kila mtoto unayemsikia akipiga kelele huko nyuma ya nyumba ameletwa na mtama huu. Sasa unasema tuuue. Na mwakani watoto hawa wale nini? Useme, wewe ndiye msomi. Wale nini?"

"Sijui, mama."

"Angalau tuvune kwanza."

"Mpaka uvune, watu wa chini watakuwa wamekufa au wamekimbia."

Mama alisimama na ungo wake. "Basi usiniulize mimi," alisema. "Mtu haombwi ruhusa ya kuchinjiwa mwanawe."

*

Aliyekuwa na mamlaka juu ya mlenda wote uliotandazwa katika mikoa ya kati alikuwa mkurugenzi wa Idara ya Ardhi Kavu, mwanamke mpole aliyeongea kwa simu ya picha akiwa na glasi ya maji mbele yake bila kujua ilivyoonekana.

"Maboza yote ya maji yako mjini, Dokta Nyemo. Mji wenyewe una mgao. Siwezi kukupa hata moja kabla ya Novemba."

"Basi nipeni amri ya kutia chumvi, au amri ya kutotia."

"Malori tunayo. Mtambo mdogo wa kuchuja chumvi kwenye maji ya kisima tutaleta pia, maana mwanzoni yatakuja na chumvi. Ukisema yaje, yatakuja. Lakini amri siwezi kutoa. Sisi hapa hatuna utaalamu. Wewe ndiye unayeujua mlenda."

"Mkurugenzi, mama yangu ana shamba pale."

"Najua," alisema kwa huruma ya kweli. "Pole sana." Na picha ikakatika.

Asubuhi iliyofuata walimleta Chiwanga kwenye zahanati iliyokuwa jirani na kituo. Mzee Ndahani na wanaume wengine walimbeba kwenye kitanda cha kamba. Tumbo lake lilikuwa gumu, limetuna kama la mjamzito, na midomo imepasuka. Alikuwa ameacha kula mlenda kwa siku moja tu baada ya kuonywa. Siku ya pili akarudia.

Mganga wa zahanati alimvuta Nyemo pembeni. "Kwa nini mwanzoni unakata kiu?"

"Tumboni kuna asidi. Asidi inausinyaza, unatoa maji yake, mtu anapata nafuu. Ukishuka kwenye utumbo asidi inaisha." Alimtazama Chiwanga pale kitandani. "Unavimba upya. Unanyonya maji ya mwilini mwake."

"Nimpasue?"

"Unao uwezo?"

Mganga alitazama chumba chake chenye meza moja na taa moja. Waliipigia simu hospitali ya mkoa, na hospitali ikasema gari liko njiani. Chiwanga aliomba maji. Wakampa. Akaomba tena. Kila walichompa kilipita kooni na hakikumfikia. Nyemo alishika mkono wake, na ulikuwa mkavu kama karatasi, mkono wa mtu aliyekufa kwa kiu jangwani, huku ndani ya tumbo lake mkiwa na maji ya kujaza debe.

"Daktari," alinong'ona, "mbona nakunywa na sinywi?"

Alifariki kabla ya adhuhuri. Gari la mkoa lilikutana na msafara wa kumrudisha.

Baada ya mazishi watu wa vijiji vyote viwili walikutana kwenye darasa la shule, wa juu upande wa dirishani, wa chini upande wa mlangoni. Nyemo aliwaeleza kama alivyomweleza mama yake. Mzee mmoja wa juu aliuliza kama watalipwa. Nyemo alisema hajui. Kijana mmoja wa chini alipaza sauti kwamba wa juu wanakula maji ya wenzao, na watu wakaanza kunyanyuka vitini. Mzee Ndahani ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa na udongo wa kaburi bado kwenye viatu.

"Kaeni," alisema. "Mwaka wa njaa, huku chini tulikuwa na visima na kule juu hawakuwa na chakula. Walikuja kuchota, hatukuwazuia. Chakula hatukuwa nacho cha kuwapa. Tuliwatazama wanakufa wakiwa wameshiba maji. Leo wao wana mtama na sisi tunakufa. Mimi siwezi kumwomba mtu atie chumvi kwenye shamba la mwenzake. Mdomo wangu haufunguki kusema hivyo. Naomba maji tu. Yatakakotoka, mnisamehe, nisiambiwe."

Nyemo aliwatazama wale wa dirishani na wale wa mlangoni, akitumaini kwamba mtu, yeyote yule, angenyanyuka amkataze, au amwamuru. Mama yake alikuwa kwenye benchi la mbele. Alikuwa akitazama mikono yake.

Walitoka mmoja mmoja. Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima, Nyemo alipiga simu ya malori.

*

Chumvi ilikuja ya kijivu, ya mawemawe, kutoka kwenye ziwa lililokauka kaskazini. Waliiyeyusha kwenye matangi ya plastiki, wakachimba mifereji kufuata safu ya migunga, na droni za kituo zikajazwa kwa ajili ya miteremko. Kassian alichanganya virusi vyake humo humo. Mpango ulikuwa wa aina moja tu: chumvi iusinyaze mlenda, virusi viwaue waliouzaa, kisha kiangazi kilichobaki kiukaushe na kuuozesha kabla mvua za Desemba hazijafika.

Walianzia kichwani mwa korongo. Nyemo alipofika na mpira wa maji ya chumvi alimkuta mama yake shambani akikata mashuke mabichi. Wanawake wa juu walikuwa naye, na nyuma yao, bila kualikwa, walikuwapo Sechelela na wanawake wa chini na visu vyao. Walikata mistari kwa mistari bila wimbo. Mtama wa maziwa hauwekwi ghalani. Utachomwa, utaliwa siku mbili tatu, basi. Walikata hivyo hivyo.

Nyemo alingoja mpaka shuke la mwisho. Kisha akafungua koki mwenyewe. Kassian alitaka kumpokea mpira, akakataa.

Saa ya kwanza shamba lilikunywa bila kuonyesha lolote. Baadaye ardhi ikatoa sauti, mkwaruzo mrefu wa chini kwa chini, na shamba zima likashuka. Lilishuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa kitako. Mlenda ulikuwa umeinua udongo mwaka hadi mwaka bila mtu kutambua, na sasa, ukisinyaa, ulikuwa ukiurudisha. Ukuta wa nyumba ya Mbeleje ulipasuka kuanzia dirishani hadi msingi. Yale mawe ya uwanjani yaliporomoka upande mmoja. Mama alikimbia akayarudishia, jiwe juu ya jiwe, na ardhi ikashuka tena, na mawe yakaanguka tena, mpaka Sechelela akamshika mabega akamtoa.

Kwenye korongo maji yalianza kutiririka. Yalikuwa mengi. Yalikuwa maji ya miaka, mvua zote zilizomezwa tangu mlenda ulipoanza, yakitelemka kati ya migunga yakiwa na rangi ya chai. Watu wa chini waliyakimbilia na madumu ingawa walikuwa wameambiwa yana chumvi. Mzee Ndahani aliyachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Ng'ombe watakunywa," alisema. Lilikuwa neno jema kuliko yote aliyoweza kulipata.

Mtambo wa kuchuja ulifika kama ulivyoahidiwa, ukafungwa kando ya kisima. Ulitoa maji matamu kwenye bomba moja, membamba kama uzi wa kushonea, mchana kutwa. Yalitosha kwa kunywa, hayakutosha kwa zaidi. Baada ya wiki moja migunga ilianza kuacha majani. Lusangi Juu iliota weupe kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu, na watu wake wakashuka tena na vitanda vichwani, safari hii wakielekea chini. Sechelela alimpa Mbeleje chumba cha marehemu mumewe.

Nyemo alikwenda kila siku kumsalimia. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Hilo ndilo lilikuwa neno lote. Mama hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyehama ndani ya macho yake mwenyewe.

*

Wingu lilitokea mashariki siku ya gulio, katikati ya Oktoba, mchana. Watu walilitazama kama wanavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu likatokea lingine nyuma yake, jeusi.

Simu ya Nyemo ililia. Alikuwa Kassian, yuko juu kwenye mashamba. "Nimechimba sehemu kadhaa leo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Chini ya migunga bado wamo, Nyemo. Wazima. Virusi havikufika kote. Na mlenda haujaoza, umelala tu kama karatasi, matabaka kwa matabaka. Nilidhani tuna mpaka Desemba."

"Chumvi inaweza kuuzuia?"

"Mvua itaisukuma chumvi chini zaidi. Itauosha ukawa safi. Utakunywa kila tone. Tufanye nini?"

Nyemo alitafuta katika kila alichokijua. Aliyapitia akilini madumu ya kemikali stoo, malori, droni, simu ya mkurugenzi. "Hakuna," alisema. "Shuka, usipigwe na radi huko."

Tone la kwanza lilimpiga mkononi. Wanawake kwenye foleni ya bomba walipiga vigelegele. Mzee Ndahani alivua kofia akainua uso juu, mdomo wazi, macho yamefumbwa. Watu wa juu na wa chini walikumbatiana, watoto wakavua nguo, mtu akaanza wimbo wa kushukuru na wote wakaupokea. Nyemo alisimama katikati yao akilia, na kila aliyepita alimpiga begani kwa furaha, akidhani analia kama wao.

Mama yake alitoka mlangoni kwa Sechelela, akamtazama. Akamjia.

"Una nini?"

Lilikuwa swali la kwanza tangu siku ya shamba. Nyemo alimweleza kwa maneno machache, maana hayakuhitajika mengi.

Mama aliangalia mvua inavyopiga vumbi na vumbi linavyoimeza. "Kwa hiyo yakifika chini ni ya mlenda."

"Ndiyo, mama."

"Na kabla hayajafika?"

"Kabla hayajafika ni yetu."

Mbeleje aligeuka, akaingia ndani, akatoka na sufuria, beseni na ungo uliopakwa lami. Akavitandaza uani. "Sechelela!" aliita kwa sauti ambayo Nyemo hakuwa ameisikia tangu utotoni. "Waambie waache kuimba! Watoe vyombo! Vyote! Hata vikombe!"

Wimbo ulikatika vipande vipande. Watu walikimbia majumbani, wakarudi na madebe, vyungu, karai, mabati yaliyong'olewa kwenye mabanda, mitungi, viatu vya mpira. Mzee Ndahani alishika kofia yake kinywa juu. Mama alivua kitenge, akampa Nyemo pembe mbili, naye akashika mbili, wakakivuta kikatandazika kati yao. Maji yalijikusanya katikati, yakaongezeka uzito, yakaanza kuwavuta mikono. Hawakuweza kuyamimina kwa kuwa hapakuwa tena na chombo kitupu, wala kuyaacha. Wakaendelea kushika. Na chini ya nyayo zao, polepole, ardhi ilianza kuinuka.